Gasto, Mama Anaitafuta Sura Yako

Ni mwaka sasa, Gasto, tangu asubuhi ile ulipopanda pikipiki pale Ihanja kwenda Shelui kuchukua kompyuta mbovu. Ulimwambia mkeo Yasinta asiweke wali jikoni mpaka urudi, maana hukupenda wali wa kupashwa. Yasinta akakaa na mchele uliokwisha kuoshwa, akisubiri. Hukurudi, na sisi wa nyumba ya Mughwai bado hatujajua namna ya kukaa bila wewe.

Ninayeandika ni mimi dada yako, Redempta. Familia imenipa kazi hii kwa sababu wengine wakianza wanalia, na mimi nikianza nagomba, wakaona afadhali ugomvi kuliko karatasi iliyolowa. Nitajitahidi kusema kwa adabu. Mama amekaa hapa pembeni yangu anachambua choroko, na kila baada ya muda ananiuliza nimefika wapi.

Wenye gazeti walitaka picha yako. Walisema tangazo la kumbukumbu lina utaratibu wake: picha ya marehemu juu, amevaa koti na tai, halafu maneno chini. Tukawapa picha ya wanafunzi wako wamezunguka kompyuta moja, sura yako haimo. Wakapiga simu kuuliza kama tumekosea bahasha. Hatukukosea. Picha hiyo aliichagua mama, na sababu yake ndiyo habari yetu yote ya mwaka huu, kwa hiyo nitaieleza hapa, wanaokufahamu na wasiokufahamu waisikie.

Lakini kwanza tukukumbuke ulivyokuwa, maana ulikuwa mtu kabla hujawa habari.

Ulikuwa mtoto wa kufungua vitu. Uliifungua redio ya marehemu baba ukiwa hujamaliza hata darasa la nne, ukaitandaza uani juu ya gunia, na baba alipotokea ukakimbilia kwa jirani. Uliporudi ukaiunga tena, lakini ikawa inashika stesheni moja tu, ya kanisa. Baba akasema, "Umeokolewa na Mungu mwenyewe, ningekuchapa." Tangu siku hiyo nyumba yetu yote ikawa inasali rozari kwa lazima, na wewe ukipita karibu na redio unatembea kwa vidole.

Serikali ilikuajiri kufundisha hesabu katika shule ya kata. Kompyuta ulijipa mwenyewe. Hakuna aliyekuagiza. Ulikwenda mjini Singida kwa Viral, muuza vifaa vya ujenzi, uliposikia anabadilisha kompyuta za dukani kwake, ukasimama pale kaunta mpaka akachoka na wewe. Viral anasema alikuambia, "Mwalimu, chukua, lakini hii moja inanguruma kama mashine ya kusaga." Ukazichukua zote mbili, ile inayonguruma na ile isiyowaka. Isiyowaka ukaiwasha wiki hiyohiyo.

Kompyuta mbili, na darasa la kidato cha kwanza limejaa mpaka madirishani. Ndipo ukaanza kuchora kibodi kwenye maboksi ya biskuti. Kila mtoto alikuwa na boksi lake, herufi zote zimepangwa kama kwenye kibodi ya kweli, na ulibandika punje ya mtama juu ya F na nyingine juu ya J, ili vidole vijue pa kukaa bila macho kutazama. Ukazianika nyumbani gundi ikauke. Kuku wa Yasinta wakaja wakadonoa F na J za darasa zima. Tulicheka mpaka tukakaa chini, wewe peke yako ulikuwa umekasirika, unawafukuza kuku kwa ndara. Siku iliyofuata kopo langu la vifungo vya mashati likapungua, na mimi ni fundi cherehani, vifungo navijua. Uliviiba bila hata kuniuliza. Watoto wale walijifunza kuchapa kwa vifungo vyangu, na wengine wao leo wanachapa kuliko makarani.

Walipoizoea kibodi, ukaanzisha klabu ya kuwafundisha kupiga picha na kurekodi video. Shule hairuhusu mwanafunzi kuja na simu, kwa hiyo simu ilikuwa yako, ile ya kioo chenye ufa, inazunguka mkono kwa mkono kama kitabu cha nyimbo. Waliwarekodi akina bibi wakikamua alizeti, wakamrekodi mchungaji anayewaita ng'ombe wake kwa majina. Nakumbuka mzazi mmoja alivyokufuata mpaka nyumbani.

"Mwalimu," alisema, hata kiti hakukubali, "binti yangu nimemleta asome. Wewe unamfundisha Wasapu."

"Simfundishi Wasapu, mzee. Wasapu ataijua hata nisipomfundisha. Namfundisha namna ya kushika kisu."

"Kisu tena?"

"Nyumbani kwako kisu kipo, na mtoto hukumfichia. Ulimwonyesha upande unaokata."

Yule baba akakaa. Aliondoka amekunywa uji wetu, na binti yake akabaki kwenye klabu. Jina lake Peniel, na nitamtaja tena.

Utaratibu wako tunaujua wote, kwa sababu ulituchosha nao hata mezani. Kwanza umwombe mwenye sura. Ukishampiga picha, mwenyewe aione kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikataa, unaifuta mbele yake. Kuna mzee wa Ihanja alijiona kwenye video akasema, "Sina meno, futeni," na watoto wakaifuta kazi ya siku nzima palepale, wakamshukuru, wakaondoka. Na kabla ya kuirusha kwa watu, lilikuwapo lile swali lako. Ulikuwa ukisema "Aulize nini?" na darasa zima linaitikia, "Na mama yake akiiona?"

Na mama yake akiiona.

Siku ile Shelui ulipata kompyuta uliyoifuata. Ulikipakata kioo chake mapajani, kibodi umeifunga mgongoni kwa mpira, mkarudi barabara kuu wewe na dereva wa pikipiki. Lori lilitoka kupita lori jingine. Halikusimama. Dereva alifia hospitali, wewe ulifia palepale kwenye lami, na vitufe vya kibodi vilikuwa vimetapakaa barabarani mpaka mtaroni. Tumeambiwa hivyo na walioviokota.

Polisi walikuta kitambulisho chako wakampigia mkuu wa shule. Mkuu wa shule akampigia baba mdogo Antipasi. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama kinavyotakiwa kwenda kwa watu.

Maana kwetu msiba haupigiwi simu kwa mama mzazi. Anatumwa mtu. Mtu huyo ni mkubwa, ametulia, na wanawake wawili watatu wanamfuata kwa nyuma kidogo, wanajifanya wanapita tu. Akifika anasalimia, anakaa, anaomba maji. Mama mwenye nyumba akiombwa maji na mtu ambaye hakumtarajia, moyo unaanza kujiandaa wenyewe. Anayaleta polepole. Akirudi na kikombe ameshajua nusu, na nusu iliyobaki anaipokea akiwa amekaa, kuna mikono ya kumshika. Ndivyo alivyopokea kifo cha baba. Baba mdogo alitoka Ihanja kwenda Mungaa, nyumbani kwa mama, kwa kazi hiyo, na njiani, ametuambia, alikuwa anapanga maneno na kuyapangua.

Lakini pale barabarani kulikuwa na kijana mshusha mizigo ya malori, akapiga picha. Hakuwa na ubaya. Alitaka ndugu zako wapatikane. Akaandika chini yake: "Ajali mbaya. Inasemekana ni fundi redio. Anayemfahamu atoe taarifa." Akairusha kwenye kundi la kwaya. Wa kwaya akairusha kwa wa jumuiya yao, wa jumuiya akairusha kwa wengine, kila mmoja anaandika "jamani" na "Mungu wangu" na kubonyeza tena. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali lako. Na simu ya mama ilikuwa kwenye kundi la jumuiya ya Mungaa.

Simu hiyo ulimnunulia wewe. Ulimwekea picha zijifungue zenyewe, kwa sababu mama hajui kusoma na ulitaka aone wajukuu. Ulimwonyesha pa kugusa, mkakaa mnacheka jioni nzima, mama anagusa kwa kidole kama anaonja uji wa moto. Ulifanya jambo jema. Nasema hivyo kwa herufi za gazeti ili mtu yeyote asije kukulaumu, hata wewe mwenyewe huko uliko.

Mama alikuwa uani anapepeta alizeti. Simu ikalia. Akafuta mkono, akagusa.

Alikutambua kwa sweta. Lile la kijani, ambalo viwiko vyake alivitia viraka yeye mwenyewe kwa uzi mweusi. Sura ilikuwapo, lakini haikuwa ya kukutambulisha.

Hakupiga kelele. Jirani aliyekuwa ng'ambo ya ua hakusikia kitu. Mama aliichomeka simu ndani ya alizeti, akaendelea kupepeta. Sijui alipepeta kwa muda gani. Baba mdogo alipofika alimkuta hivyo, ungo mkononi, na makapi yamejaa kichwani kwake. Akamsalimia, mama akaitikia vizuri. Akakaa kwenye kigoda. Akaomba maji. Mama akanyanyuka, akaenda ndani, akarudi na kikombe, akakaa, akakunja mikono.

"Mama Redempta," baba mdogo akaanza, "nimetumwa."

"Nakusikia, shemeji."

"Nilichokuja nacho si kizuri. Jipe moyo."

"Nakusikia."

Akamweleza. Alianzia mbali kama ilivyo desturi: kwamba kijana alitoka salama, kwamba kazi aliyoifuata ilikuwa ya watoto, kwamba barabara haina macho. Mama hakumkatiza hata neno moja. Alimwacha aseme yote aliyoyapanga njiani, mpaka mwisho, na wanawake wakawa wameshaingia uani wanasubiri aanguke wamdake. Hakuanguka. Alisema, "Asante kwa kuja, shemeji. Umetembea mbali. Nimeshamwona." Akaingiza mkono kwenye alizeti, akatoa simu, akampa.

Baba mdogo ni mtu mzima, amezika ndugu zake karibu wote. Kila akifika hapo anapoisimulia anainuka kwenda nje. Anasema, "Nilikwenda kumpa habari, yeye ndiye aliyenipa." Anasema kwamba mpaka leo akiombwa kupeleka msiba kwa mtu anakataa, kwa sababu hajui tena kama atakuwa wa kwanza.

Mazishi yako yalikuwa Mungaa. Tulifunga jeneza, kwa sababu za wazi. Watu walikuja wengi, wakiwamo wasiokujua, na ninyi mnaosoma hapa mnajua misiba ya siku hizi ilivyo: kila mkono una simu, na kila simu inamtafuta mfiwa. Hawakupata sura yako, wakaanza kuitafuta ya mama. Walikuwa wanamsogelea pale alipokaa kwenye mkeka ili wampate akilia. Na mama hakulia. Wengine wakaanza kunong'ona, eti mama gani huyu ana macho makavu.

Ndipo wakaja watoto wako. Kidato cha kwanza na cha pili, sare zao zimepigwa pasi, wamesimama mlangoni pa ua mstari mmoja. Peniel alikuwa mbele ameshika ungo, uleule wa mama. Kila aliyeingia anapigiwa goti, anasalimiwa, kisha anaambiwa simu ikae humu, ataichukua akitoka. Wengi walitoa bila neno. Mzee mmoja mwenye kofia nzuri akakataa.

"Mimi nimetoka mjini," akasema. "Narekodi kwa ajili ya ndugu walio mbali."

"Shikamoo babu," Peniel akasema, goti bado liko chini.

"Marahaba. Nipishe."

"Babu, ulimwomba mama?"

"Nimwombe nini mtu aliyefiwa?"

"Mwalimu alisema mwenye sura anaombwa kwanza. Mama yake yule pale. Tukakuombee?"

Mzee akamtazama mama, mama akamtazama mzee. Mzee akaiweka simu kwenye ungo kama mtu anayeweka mtoto wa mwenzake. Tulikuzika hivyo, Gasto. Simu zilikuwa zinaita ndani ya ungo, kwaya na bongofleva na jogoo wa kuwika, na hakuna aliyethubutu kwenda kuokota yake. Hapo tu ndipo mimi nilipoona kwamba ile kazi uliyojipa ulikuwa umeifanya.

Wanaodhani mambo huisha makaburini hawajui picha. Tulifuta kwenye simu zetu, tukawaomba wa jumuiya wafute, wakafuta. Masika ikaja, picha ikarudi, imeandikwa ni ajali ya juzi mkoa mwingine. Baada ya mavuno ikarudi tena, mtu ameiwekea muziki wa huzuni na mishumaa inayowaka. Yasinta aliiona saluni, kwenye simu ya mwanamke aliyekuwa anasukwa pembeni yake, akatoka na nywele nusu. Yule mwanamke alidhani ameudhika kwa kuchelewa kuhudumiwa.

Mama aliirudisha simu kwangu akasema hataiweka tena ndani mwake. Anayeingia kwake anaombwa aigeuze simu, kioo kitazame chini. Zile picha zako zote za ukutani, ya kipaimara, ya chuo cha ualimu, ya harusi, alizitoa akazifunga kwenye khanga. Sisi tukadhani ni hasira. Mimi nikamgombeza, nikasema mama unamzika mara ya pili. Akaniambia kwa Kinyaturu, polepole, kama anavyosema na mtoto, kwamba akizitazama hazifanyi kazi. Zinabadilika zikiwa mbele yake.

"Nikifumba macho namtafuta Gasto," alisema, "namkuta yule wa barabarani. Nikifumbua pia. Nimemzaa, nimemnyonyesha, na sura yake sinayo. Wameichukua."

Nimesema nitagomba, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Yule kijana wa mzigo tunalijua jina lake. Alikuja nyumbani baada ya arobaini, akapiga magoti, akasema alitaka kusaidia ndugu wapatikane. Nikamjibu kwamba tulipatikana. Nilikuwa nimekusudia kumtaja hapa kwa jina lake na la baba yake na kijiji chao, wasome mpaka watoto wake watakaozaliwa. Nilishaliandika. Halafu nikakusikia wewe na swali lako. Mama yake yupo hai, anauza karanga stendi, na gazeti hili linafungiwa karanga. Nimelifuta. Usidhani nimemsamehe, nimelifuta tu.

Sasa habari ya picha iliyoko juu ya maneno haya.

Mwezi uliopita Peniel na wenzake wawili walikuja Mungaa na mkuu wa shule. Walikuwa wamekuta kwenye kompyuta inayonguruma video za klabu ambazo ulikuwa umezihamishia huko kabla simu yako haijavunjika nawe barabarani. Mkuu wa shule aliwawekea moja kwenye simu yake. Mama alipoona simu akageuza uso. Peniel akapiga goti akasema, "Shikamoo bibi. Mwalimu haonekani kwenye hii. Alikuwa anatushikia simu yeye. Anasikika tu. Tunaomba uisikilize, kama unataka." Mama akawaza. Akasema ilazwe kifudifudi, kioo kwenye mkeka. Wakailaza, wakabonyeza.

Ikawa ni darasa. Tukasikia madawati, watoto wanacheka, kompyuta inanguruma. Halafu sauti yako, karibu kabisa, ikitokea mkekani.

"Haya. Mtu ameanguka kwenye matope mnadani, Peniel amempiga picha. Inachekesha kweli. Anataka kuirusha. Aulize nini?"

"Na mama yake akiiona?" darasa likaitikia.

"Mnaimba tu. Maana yake mnaijua? Mimi mama yangu yuko Mungaa. Hajui kusoma. Ukimwandikia neno baya halimfikii, linakaa palepale mpaka apite mtu wa kumsomea, na huyo mtu ana busara, atachagua pa kuanzia. Lakini picha mama anaisoma mwenyewe. Picha haimsubiri mtu."

Peniel alikuwa amefunika mdomo. Video aliisikiliza mara nyingi kabla ya kuja, alituambia baadaye, lakini hakuwahi kuisikiliza akiwa amekaa mbele ya mama.

Kwenye simu mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mama yako ni mkali?"

"Mkali! Akiniona nimekonda ananuna na mke wangu wiki nzima. Nikienda kwake lazima nivae sweta hata jua likiwaka, nionekane nimenenepa."

Darasa likaangua kicheko, na wewe ukacheka nao, kile kicheko chako cha kukohoa.

Mama akasema, "Alinisema darasani?" Akasema tena, "Mtoto huyu alinisema darasani, mbele za watu," na mdomo ukawa unamcheza. Kisha akanyoosha mkono, yeye mwenyewe, akaigeuza simu.

Mkuu wa shule akaisimamisha video palepale. Walionekana watoto wamezunguka kompyuta, vinywa wazi kwa kicheko. Wewe hukuwamo, kama tulivyoambiwa. Lakini jua lilikuwa linaingia mlangoni nyuma yako, na kwenye sakafu, mpaka miguuni pa watoto, kivuli chako kilikuwa kimelala kirefu, mikono imeinua simu, sweta limetuna mabegani. Mama alikiinamia. Akakifuata kwa kidole kutoka kichwani mpaka chini, taratibu, kama siku ile ulipomfundisha kugusa.

"Mbona amekonda hivi?" akasema.

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, Gasto, mwaka mzima ulimtoka kwa pamoja, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa tena. Tukamshika. Hiyo ndiyo mikono iliyokuwa imewekwa tayari siku ile, ikapata kazi yake sasa.

Sitawadanganya wasomaji kwamba amepona. Sura yako bado haijarudi. Picha za kwenye khanga bado zimefungwa. Anacho kivuli, na sauti, na anasema kivuli hakibadiliki akikitazama. Ndiyo maana ameagiza kiwekwe hapa. Mkitazama chini ya miguu ya watoto mtamwona mwanetu, na picha hii imeombwa kwa kila mtoto aliyemo, nao waliiona kabla yenu.

Kwa hiyo familia haiombi rambirambi. Inaomba kitu kimoja. Kama ile picha ya barabarani unayo, iwe kwenye simu yako, kwenye kundi lenu, au kwa mtu uliyemrushia, ifute leo, na umwombe naye afute. Hutamfahamu kwa sura, kwa hiyo tunakupa alama: sweta la kijani, viraka vyeusi viwikoni. Huyo si fundi redio. Ni Mwalimu Gasto Mughwai, na mama yake yupo.

Misa ya kukuombea itasomwa Mungaa Jumapili hii baada ya ibada ya kwanza. Ungo utakuwa mlangoni. Yasinta anakukumbuka, na binti yenu Jenipher, ambaye ameanza kufungua vitu na ameshatuharibia tochi. Anakukumbuka baba mdogo Antipasi, na Viral wa dukani, anayesema mashine nyingine ipo na inasubiri wa kuichukua. Watoto wako wa kidato cha kwanza sasa wako cha pili, na wanawafundisha waliokuja nyuma yao, kwa vifungo vyangu, ambavyo sasa nawapelekea mwenyewe. Nami dada yako nakukumbuka kwa hasira na kwa upendo, na sijui kuvitenganisha.

Mama anauliza nimefika wapi. Nimemwambia nimefika mwisho, kilichobaki ni kusema kwamba hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Amesema hilo wewe unalijua, nisipoteze nafasi ya gazeti. Amesema niandike neno lake yeye: ule, mwanangu, umekonda.